Kadi ya Baba Neema

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua duka saa moja kasoro. Pumba imeingia, magunia arobaini. Mawili yameloa, nimeyarudisha. Dereva kanuna. Anune tu, kuku wa watu hawali ukungu.

Joyce wa benki kaja tena. Mara ya tatu. Binti mwenye heshima zake, anasubiri mpaka wateja waishe ndipo afungue mkoba. Ni ile kadi yake ya mkopo ya biashara. Unanunua leo, unalipa ndani ya siku arobaini na tano bila riba. Kila ukinunua unapata pointi. Pointi zikijaa unabadilisha: mafuta ya gari, simu, tiketi ya ndege.

Aliposema tiketi ya ndege, mume wangu, Baba Neema, akaacha kufagia.

"Mpaka Bukoba?"

"Mpaka Bukoba, baba."

Mchana kutwa ikawa Bukoba. Hatujakwenda kwao tangu tulipomzika mama yake, miaka sita sasa. Safari ya basi inamtesa magoti. Anataka ndege, viti viwili, yeye akae dirishani.

Sijasema ndiyo. Sijasema hapana.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wateja wachache. Nimegeuza kalenda ya mwaka jana nikachora mstari katikati. Huku faida, huku hasara.

Faida. Shule na yule mwenye hoteli wanachukua chakula cha kuku leo, wanalipa mwisho wa mwezi, mara nyingine mwezi unaofuata. Kadi ingenipa pumzi hapo katikati. Nisingerudi kwa wakopeshaji wa mtaani kama mwaka juzi. Kampuni ya Dar inayotuuzia vifaranga na madini ya kuchanganyia chakula cha kuku inapokea kadi. Ningelipa nikiwa hapa hapa Mailimoja, bila kufunga duka.

Hasara. Wauza pumba na mashudu hawaijui kadi. Wanajua pesa mkononi au pesa kwenye simu. Na huko ndiko hela yetu nyingi inakokwenda, kwa hiyo huko hakuna pointi. Ada ya kila mwaka ipo, utumie usitumie. Halafu riba. Ukipitisha siku zao inaanza, na ni kali. Hii kadi inataka mtu wa kushika tarehe.

Baba Neema akasema tarehe atazishika yeye. Sikubisha. Miaka thelathini na moja mtunza stoo wa serikali, hakupoteza hata msumari. Wakaguzi walikuwa wakifika kwake wanakunywa chai na kuondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumegombana. Mama mmoja wa mtaa wa Picha ya Ndege alirudisha mfuko. Alitaka chakula cha vifaranga wa siku tatu, Baba Neema akampa cha kuku wanaotaga. Ni kosa ambalo halifanyi. Nikamsema mbele ya mteja. Sikupaswa kufanya hivyo.

Akanijibu kwamba mimi ndiye niliyepanga mifuko vibaya. Mifuko ameipanga yeye mwenyewe jana.

Baadaye akaniuliza bei ya mfuko wa kilo hamsini. Bei ameiweka yeye. Imeandikwa ukutani kwa mwandiko wake.

Nimechoka tu, labda na yeye amechoka.

Jumanne, 11 Machi

Neema amepiga simu kutoka Dodoma. Nilimweleza habari ya kadi. Yeye ni mhasibu wa shirika la maji, nilijua atanipa somo. Akasema kadi si mbaya, ubaya ni kununua usichohitaji ili upate pointi. Akasema nisome pointi zinakufa lini. Sikujua kwamba pointi zinakufa.

Halafu akauliza, "Mama, baba yuko sawa?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Jana alinipigia mara tatu. Mara zote aliniuliza nimefika kazini salama. Mara ya tatu ilikuwa saa kumi na moja jioni."

Nikamwambia baba yako anakupenda. Nikakata simu nikaenda kupima mashudu. Nimepima vibaya, nikarudia.

Alhamisi, 13 Machi

Joyce kaleta fomu. Kadi mbili: moja kuu kwa jina langu, maana leseni ya biashara ina jina langu, na ya pili kwa jina la Baba Neema. Mwenyewe alivaa shati la kanisani kwa ajili ya kusaini. Alikalia kiti cha mbele kama bwana arusi.

Sahihi inatakiwa mara tatu. Akasaini mara tatu. Hazikufanana. Ya kwanza ni yake, naijua, ile yenye mkia mrefu. Ya pili haikuwa na mkia. Ya tatu aliandika jina langu.

Joyce alitazama karatasi, akatazama meza. Akasema, "Hakuna shida baba, nitaleta fomu nyingine." Sauti ilikuwa ya upole mno. Upole wa namna ile watu huwapa wagonjwa.

Tarehe ya kuzaliwa alijaza ya Neema.

Baba Neema alicheka, akasema kalamu za siku hizi ni mbovu. Nami nikacheka. Nimecheka kwa kuogopa. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema: naogopa.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya.

Baba Neema alitoka saa mbili asubuhi na kirikuu, kigari chetu cha mizigo, mifuko kumi na minane ya Bi Mwajuma wa Maneromango. Unakwenda Mlandizi, unakata kushoto, unapita Mzenga, unafika. Barabara mbovu lakini ni moja. Ameiendesha miaka tisa. Saa nane huwa amerudi.

Saa tisa Bi Mwajuma kapiga, chakula hakijafika, kuku wanapiga kelele. Nikampigia Baba Neema. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga mara kumi na moja. Nilifikiri matope. Nilifikiri mto. Nilifikiri maiti.

Saa kumi ikaingia namba nisiyoijua. Mzee mmoja, akajitambulisha: Mzee Pazi wa Mzenga. Amekuta namba yangu ubavuni mwa gari.

"Mwanangu, mumeo yuko hapa kwangu, mzima. Kasimama njia panda toka adhuhuri. Nimemuuliza anakwenda wapi, anasema anamngoja mkewe amwambie."

Nilifunga duka mizani ikiwa na mzigo juu. Basi mpaka Mlandizi, bodaboda mpaka Mzenga. Kanga yote matope. Nikamkuta amekaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Amejifungia. Nikagonga kioo. Akashusha.

"Umechelewa," akasema.

Hakuwa na hasira. Alikuwa amelia, niliona michirizi.

"Njia zimekuwa mbili," akasema. "Zamani ilikuwa moja."

Nikamwambia ni kweli, zimekuwa mbili.

Mzee Pazi amefunga Ramadhani, lakini tangu adhuhuri alikuwa ameweka kiti kivulini karibu na gari, asimwache peke yake. Hatujuani naye. Mifuko akaipangia pikipiki, ikafika kwa Bi Mwajuma kabla ya magharibi. Wakatung'ang'ania tukae futari. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi. Baba Neema alikula vizuri, akawasimulia wenyeji habari za stoo, na zote zilikuwa sahihi. Mke wa Mzee Pazi alinishika mkono akasema taratibu tu, "Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo. Usimgombeze."

Gari nimeendesha mimi. Sijashika usukani miaka minne. Yeye kando yangu ananielekeza: punguza, gia ya pili, usikanyage breki kwenye tope. Hakukosea hata moja. Kuendesha anajua. Kwenda wapi ndiyo hajui.

Jumapili, 16 Machi

Hatukwenda kanisani. Amelala mpaka saa nne. Ameamka anaimba. Hakumbuki Mzenga.

Mimi nakumbuka yote.

Jumatano, 19 Machi

Hospitali. Foleni tangu saa mbili. Daktari kijana, makini. Alimuuliza leo ni siku gani. Mwezi gani. Akampa karatasi achore saa ya ukutani.

Alichora duara zuri. Namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja. Akaitazama. Alijua kuna kitu hakiko sawa, ila hakujua ni nini. Alinigeukia mimi kama mwanafunzi anayetaka kuibia jibu. Nikatazama dirishani. Nitajilaumu kwa hilo mpaka nife. Ningemtazama tu.

Damu wamechukua. Ijumaa picha ya kichwa, Dar. Majibu wiki ijayo.

Daktari kasema mzee asiendeshe gari.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeficha ufunguo wa gari ndani ya debe la chokaa. Amesaka nyumba nzima. Nikamsaidia kuusaka. Nikachungulia chini ya kitanda pamoja naye, hali najua ulipo.

Najichukia.

Jumamosi, 22 Machi

Joyce kapiga simu. Benki imekubali maombi. Kadi yangu iko tayari kutengenezwa, ya Baba Neema inangoja sahihi inayoeleweka. Nikamwambia anipe muda.

Baba Neema anaiuliza kila siku. "Kadi yangu imekuja?" Asubuhi, mchana. Kuna mengi amesahau mwezi huu. Hilo halisahau. Anasema akiwa nayo atamnunulia mama yake kitenge tukifika Bukoba. Mara ya kwanza nilimwambia mama alifariki. Akalia kama ndiyo anapata habari. Alilia mpaka akakosa pumzi. Alasiri akauliza tena, nikamwambia atapenda cha bluu.

Sitamwua mama yake mara mbili.

Jumatano, 26 Machi

Majibu. Ni ugonjwa wa kusahau, ubongo unasinyaa. Si uzee wa kawaida. Dawa zipo za kuupunguza mwendo. Za kuuponya hazipo. Daktari alimwambia mwenyewe, kwa Kiswahili kizuri, bila kumficha. Nilimheshimu kwa hilo. Baba Neema alisikiliza mikono magotini, akasema, "Nashukuru, daktari." Akainuka akampa mkono.

Nilimwacha nje kwenye benchi, nikarudi mara moja kwa daktari, nikajifanya nimesahau mwavuli. Nikauliza amebakiwa na muda gani.

"Mama, siwezi kukupa tarehe. Lakini kama kuna jambo mnataka kulifanya pamoja, msiliweke mbali. Mwaka huu bado ni wake."

Akaongeza kwamba mambo ya benki na namba za siri niyatoe mikononi mwake, kwa usalama wake.

Tulirudi kwa miguu. Alinunua mahindi ya kuchoma mawili. Alinipa langu. Njia ya nyumbani alikuwa anaijua.

Ijumaa, 28 Machi

Mchana nimemwita Joyce dukani. Baba Neema alikuwa amelala nyuma. Nikamweleza yote. Machozi yalimtoka, akaomba radhi. Halafu nikamwambia, sasa kaa tupige hesabu hii kadi, wewe na mimi, bila maneno ya biashara.

Alikaa. Alikuwa mkweli, Mungu ambariki. Kadi ya pili inaweza kuwekewa kikomo kidogo sana, au kufungwa kabisa ibaki ya kubeba tu mfukoni. Nilifikiria hilo. Kumpa mtu mzima kadi iliyokufa afurahi. Juzi alimtajia mteja namba ya siri ya simu yake kwa sauti, mbele ya watu, kama anataja bei. Kadi hai hapana. Kadi iliyokufa nayo hapana. Hajawa mtoto.

Ya kwangu je? Kwa siku zile arobaini na tano ningeichukua. Sasa hivi ningeihitaji kuliko wakati wowote. Lakini gharama za hospitali hazina mwisho wa mwezi, na mimi nikiuguza nitapitisha tarehe tu. Najijua.

Halafu pointi. Vifaranga na madini ndivyo pekee ningevilipa kwa kadi, milioni mbili kwa mwezi. Pointi elfu mbili. Kiti kimoja cha ndege mpaka Bukoba, kwenda na kurudi, ni pointi elfu hamsini. Miezi ishirini na mitano. Viti viwili, miezi hamsini. Na pointi zinakufa zikifika miezi thelathini na sita.

Tulitazamana. Joyce akarudia hesabu kwenye simu. Ikawa ile ile.

Kiti kimoja kinawezekana. Viwili kwa pamoja havitawezekana kamwe. Na hicho kimoja kingeiva baada ya miaka miwili, wakati yeye huenda hajui tena Bukoba ni nini.

Nikamwambia sitaichukua. Akasema, "Nimekuelewa, mama." Akaweka fomu mkobani. Akanunua mfuko wa kilo tano wa chakula cha vifaranga. Najua hafugi kuku.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Duka limefungwa. Mzee Pazi kapiga kutupa mkono wa Idi, akaongea na Baba Neema dakika nyingi.

Nimemwambia leo. Kwamba kadi haiji. Kwamba ni mimi niliyeikataa, na kwa nini. Sikutumia maneno ya kuzunguka. Nilitegemea hasira.

Akaniuliza:

"Kwa hiyo mimi nimekwisha kwenye hii biashara?"

Nikasema hapana. Nikasema ni hela na gari tu.

"Mama Neema, usinidanganye. Mimi ni mtu wa stoo. Mtunza stoo akiondoka, haondoki tu. Anakabidhi."

Kesho anataka tukabidhiane.

Jumanne, 1 Aprili

Amevaa lile shati la kanisani tena. Tumefunga mlango wa mbele saa tatu.

Alichukua daftari kubwa, akachora mistari kwa rula. Tukaanza na pumba. Yeye anahesabu magunia kwa kuyagusa moja moja, mimi naandika. Mashudu. Dagaa. Chokaa. Mizani kubwa moja, ndogo moja. Koleo mbili, moja mpini umepasuka. Alisema niandike kwamba umepasuka. Kwenye magunia ya mahindi alipotea katikati, akasimama kiganja kikiwa juu ya gunia, midomo inatafuta namba. Sikumtajia. Akarudi mwanzo. Akapotea tena. Mara ya tatu akafika: ishirini na saba. Ni ishirini na saba kweli.

Ilituchukua mpaka saa nane. Chini akaandika Mkabidhi, akaandika Mkabidhiwa. Akasaini. Nimeitazama sana ile sahihi. Ilikuwa na mkia.

Halafu akasema, "Na ufunguo wa gari, ambao uko kwenye chokaa."

Alijua. Sijui tangu lini. Hakuniambia neno.

Nikamlilia pale pale, juu ya magunia. Alinipigapiga mgongo kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. "Makabidhiano ni kazi ya kawaida," akasema. "Hakuna aliyekufa."

Jumamosi, 12 Aprili

Kirikuu kimeuzwa. Mwenye mashamba ya nyanya huko Janga amekinunua. Baba Neema alisimama naye, akamweleza gia ya pili inataka nini. Gari likaondoka. Akalitazama mpaka kona, akaingia ndani akaomba chai.

Mzigo wa Maneromango nitakodi. Faida itapungua. Basi.

Nimekata tiketi mbili za ndege. Hela taslimu, hakuna pointi. Tunaondoka Jumatano baada ya Pasaka. Neema atakuja kushika duka siku kumi. Dada yake Baba Neema atatupokea. Nimemweleza hali. Akasema atapika senene wa kutosha, wale panzi wa kwao.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ndogo ndogo. Neema amefika jana, ameshaanza kupanga upya mifuko, namwacha. Begi moja tu, jepesi.

Alasiri nimekaa barazani na koti la Baba Neema. Nimeandika kwenye kitambaa cheupe kwa kalamu isiyofutika: jina lake, jina langu, namba ya simu. Nikataka kukishona kwa ndani, upande wa kifua, endapo ataniponyoka uwanja wa ndege. Sindano ikanishinda. Macho yangu hayaoni tundu tena.

Baba Neema aliichukua mkononi mwangu, akalowanisha uzi mdomoni, akautia mara moja. Akanirudishia. Hakuuliza ninashona nini. Akavuta kiti chake karibu na changu, akakaa mpaka nikamaliza.